Je, wajua kwa nini laptopu ikiamka hukosa Wi-Fi, na kwa nini kuizima huenda kusisaidie?

Laptopu ikifunguliwa kifuniko na intaneti ikakosekana, lawama ya kwanza huenda kwa bando, ya pili kwa kampuni ya simu, ya tatu kwa ruta iliyowekwa juu ya kabati. Simu iliyo mezani inaendelea kupokea ujumbe kupitia Wi-Fi ileile, lakini bado atapatikana mtu wa kuinuka kwenda kuchomoa ruta ukutani. Ushahidi anao mkononi, hautazami. Simu ikiwa na intaneti na laptopu ikawa haina, ruta na bando ni vizima. Ambacho hakijaamka vizuri, mara nyingi, ni kadi ya Wi-Fi, kipande kilicho ndani ya laptopu ambacho katika mashine nyingi za sasa kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuzima ruta wakati mwingine kunasaidia kweli. Ruta ikizimika, kadi inapoteza mawimbi yote. Ruta inaporudi hewani, kadi inalazimika kujitambulisha tangu mwanzo na kupeana funguo mpya za siri, na katika pilikapilika hizo mkanganyiko wake unaisha. Laptopu ndiyo iliyojiweka sawa, lakini sifa inachukua ruta. Imani hiyo haitakufa leo wala kesho.

Usingizi wenyewe una kanuni zake, zilizoandikwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996 kwa jina la ACPI. Katika usingizi wa zamani, unaoitwa S3, karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inayopewa umeme kidogo ili isisahau ulichokuwa unafanya. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zimeacha mtindo huo. Zenyewe kwa hakika hazilali, zinasinzia: skrini inazimika, lakini sehemu ya mashine inabaki macho, na kadi ya Wi-Fi inaweza kuendelea kusikiliza mtandao. Ndiyo maana baadhi hutolewa kwenye begi zikiwa na joto kama zimetoka kufanya kazi. Ukifungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na kuandika powercfg /a, Windows itakutajia aina za usingizi ambazo mashine yako inazo.

Katika aina zote mbili, kiini cha tatizo ni kilekile: kadi ya Wi-Fi ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina prosesa yake na kumbukumbu yake, na programu inayoiendesha kwa kawaida haikai ndani yake. Inapakiwa upya na draiva, yaani programu ya Windows inayoisimamia kadi, kila kadi inapowashwa. Umeme wa kadi ukikatwa, programu hiyo inafutika yote.

Tuchukue saiti ya ujenzi. Draiva ni nyapara, kadi ni kibarua hodari asiye na kumbukumbu. Akienda kwake jioni, asubuhi harudi na chochote kichwani. Hajui kama anachanganya zege au anabeba tofali, hajui koleo liko wapi, hajui hata kama jana alikuwepo. Nyapara mzuri analijua hilo, kwa hiyo kila asubuhi anamsomea kazi yote tangu mwanzo. Shida inaanza siku nyapara alipoambiwa kwamba kibarua atalala hapohapo saitini, kumbe usiku ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kunakucha, nyapara anapaza sauti: "Haya, tuendelee tulipoishia!" Kibarua anamkodolea macho. Nyapara anasubiri. Daftari lake linaonyesha mtu yupo kazini, hivyo haoni sababu ya kumfundisha upya.

Kulala saitini ni kadi kupunguziwa umeme bila kukatiwa. Kwenda nyumbani ni kukatiwa kabisa. Anayeamua lipi lifanyike ni mchanganyiko wa Windows, draiva na programu ya bodi iliyowekwa na mtengenezaji wa laptopu, na watatu hao wasipoafikiana, kadi inaamka bila kazi na draiva inasubiri jibu lisilokuja. Hii pia inaeleza kwa nini laptopu mbili zenye kadi ileile hutofautiana, moja ikawa haina shida na nyingine inakosa Wi-Fi kila asubuhi. Lakini si kila kukosa intaneti kunatokana na hili. Tutafika huko.

Kwanza lipo kosa kubwa zaidi, na linafanywa hata na mafundi: kuamini kwamba kuizima laptopu na kuiwasha ni sawa na kubonyeza Restart. Kwenye Windows si sawa, na ajabu yake ni kwamba mambo yako kinyume na unavyodhani. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuna mpangilio uitwao Fast Startup, na kwenye laptopu nyingi umewashwa tangu kiwandani. Ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa na unatolewa kwenye akaunti, lakini kiini cha Windows pamoja na hali ya draiva vinahifadhiwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys. Ukiwasha, vinasomwa kutoka hapo. Mashine inawaka haraka, na wewe unadhani umeanza upya. Kumbe nyapara amerudi na daftari lake la jana.

Restart hailisomi daftari hilo. Kiini kinapakiwa upya, draiva zinaanza tangu mwanzo, kadi inafundishwa kazi yake yote. Kwa hiyo kitufe kinachoonekana chepesi ndicho kinachosafisha zaidi. Ukitaka kuhakikisha, fungua Task Manager, nenda Performance, bofya CPU, kisha tazama pale palipoandikwa Up time. Laptopu inayozimwa kila usiku inaweza kuonyesha kwamba haijawahi kuzimika kwa siku kadhaa. Hata hivyo kuzima si bure kabisa: wakati wa kuwaka, draiva nyingi hujaribu kuamsha kadi zao, na mara nyingine zinafaulu. Tofauti ni kwamba kwa Restart hutegemei bahati hiyo. Ukipenda kuizima laptopu kikweli, shikilia Shift unapobofya Shut down.

Sasa, kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, tazama orodha ya mitandao. Orodha ikiwa tupu, au kitufe cha Wi-Fi chenyewe kimetoweka, basi ni yale ya nyapara na kibarua. Jaribu kuwasha na kuzima hali ya ndegeni. Isiposaidia, fungua Device Manager, tafuta kadi chini ya Network adapters, bofya Disable device kisha Enable device. Hapo unailazimisha draiva kuanza upya bila kugusa kazi zako zilizo wazi.

Mitandao ikionekana, na laptopu ikasema imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka, mara nyingi kadi haina kosa. Kwenye Command Prompt andika ipconfig na utazame anwani ya IPv4, yaani namba ya laptopu kwenye mtandao, chini ya jina la Wi-Fi. Ikianza na 169.254, laptopu iliomba anwani kwenye ruta, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe namba ya kubahatisha. Anwani za ruta hukopeshwa kwa muda, na kifaa kinatakiwa kuongeza mkopo muda unapofika nusu. Laptopu iliyolala huenda isiombe kitu. Mara nyingi ikiamka inaomba upya na mambo yanaisha. Isipofanya hivyo, ipconfig /release kisha ipconfig /renew hutosha.

Anayetumia hotspoti ya simu ana sababu nyingine ya kukagua kwanza. Simu nyingi za Android zina mpangilio unaozima hotspoti yenyewe ikikaa dakika kadhaa bila kifaa kilichounganishwa. Laptopu inalala, simu inaona hakuna mtu, inazima. Hapo laptopu imeonewa tu. Na kwenye Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege, huenda ukurasa wa kuingia unataka uthibitishe upya, kwa hiyo fungua kivinjari kabla ya kuanza kuchokonoa.

Tatizo likijirudia kila siku, kuna mambo mawili ya kudumu. La kwanza, kwenye Device Manager fungua sifa za kadi, nenda Power Management, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Kibarua sasa analala saitini, na betri italipia kidogo. Kwenye laptopu nyingi zinazosinzia ukurasa huo haupo kabisa, usihangaike kuutafuta. La pili, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako. Ikiwa shida ilianza mara tu baada ya sasisho la Windows, jaribu kitufe cha Roll Back Driver, maana draiva mpya nayo huharibu kilichokuwa kinafanya kazi.

Ushauri wa kubadilisha DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, unaorudiwa kila mahali, hauamshi kadi iliyolala. Network reset ndiyo iwe ya mwisho, kwa sababu inaondoa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, na nywila za Wi-Fi zilizohifadhiwa zinaweza kupotea nazo. Ziandike pembeni kwanza, hasa ile ya ofisini ambayo aliyeiweka alishahama.