Daftari la wadhalilishaji: asilione kila mtu, alione mwenye kuajiri

Kila ikisikika kesi nzito ya udhalilishaji wa mtoto, Unguja au Pemba, watu hutaka majina yatolewe. Picha, jina na shehia (mtaa) anayokaa viwekwe kwenye mtandao, kila mzazi ajionee. Wanaolisema hili katika mikutano yetu ya msaada wa kisheria mara nyingi ni akina mama waliokwisha kuchoka, na ukiwapinga unaonekana unatetea wabakaji. Basi niseme mapema: daftari nalitaka. Nisilolitaka ni daftari la kila mwenye simu kulifungua, na sheria yoyote itakayotungwa hapa iliepuke hilo tangu rasimu ya kwanza.

Nchi inayotolewa mfano ni Marekani. California ilikuwa na daftari tangu 1947, lakini lilikuwa la polisi. Mambo yalibadilika baada ya Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11, kutekwa Minnesota mwaka 1989. Sheria ya 1994 yenye jina lake iliyataka majimbo yote yaweke daftari, ya 1996 ikataka umma uelezwe, na ya 2006 ikapanga madaraja ya muda wa kukaa daftarini: miaka 15, miaka 25 na maisha. Leo wameandikwa mamia ya maelfu, wakiwemo waliotenda kosa wakiwa na miaka 14. Patty Wetterling, mama mzazi wa Jacob, naye amehoji hadharani upana wa madaftari hayo, hasa yanapowaingiza watoto.

Ana sababu ya kuhoji. Takwimu za Wizara ya Sheria ya huko, zilizotolewa mwaka 2000 kutokana na kesi zilizofika polisi, zilionesha kwamba katika kila watoto 100 waliodhalilishwa, 93 walimjua aliyewatenda, na 34 kati yao ni wa familia yao wenyewe. Picha ya mgeni kwenye mtandao ingewafaa saba waliobaki. Wachumi wawili, J.J. Prescott na Jonah Rockoff, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliotenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Mhalifu kujiandikisha polisi kulionekana kupunguza makosa. Kumtangaza kwa umma hakukuwapunguzia waliokwisha kuandikwa hamu ya kurudia, na huenda kuliiongeza, kwa kuwa mtu asiye na kazi, nyumba wala jamaa hana tena cha kupoteza.

Miami walikwenda mbali zaidi. Kanuni ya huko ilimkataza aliyemdhalilisha mtoto kukaa ndani ya kiasi cha mita 760 kutoka skuli. Kwa miaka kadhaa, hadi 2010, makumi ya watu waliotoka gerezani waliishi kwenye mahema na vibanda chini ya daraja la Julia Tuttle, juu ya maji. Sasa chora duara la mita 760 kuzunguka kila skuli na kila chuo cha Qur-ani hapo Ng'ambo, mjini Unguja, uone kama utabakiwa na nyumba moja.

Lakini ubaya mkubwa wa daftari la wazi, kwa hapa kwetu, uko kwa mtoto mwenyewe. Shehia ni watu wanaojuana kwa ukoo na kwa mlango. Ukiandika kwamba fulani bin fulani, wa shehia fulani, ametiwa hatiani kwa kumdhalilisha mtoto wa miaka tisa, mtoto hukumtaja, na umeshamtaja. Jirani wote wanajua nyumba ile ilikuwa na mtoto gani wa umri huo. Atakwenda nalo skuli, atalisikia harusini jikoni, na siku akija mchumba litafufuliwa upya. Juhudi zote za kumficha mahakamani zinakuwa kazi bure.

Familia zinalijua hilo kabla yetu sisi wanasheria. Anayeshitakiwa ni mjomba, ni baba wa kambo, ni mwalimu wa chuo, ni mtoto wa jirani aliyekula sahani moja na watu wa nyumba ile. Muhali, ile haya ya kumkera mtu wa karibu, unaingia. Watu wazima wanakaa barazani, wanazungumza suluhu, na mtoto haulizwi. Tumekuwa na Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachompa aliyedhalilishwa huduma zote mahali pamoja, pale Mnazi Mmoja tangu 2011, tuna madawati ya jinsia na watoto polisi, tuna mahakama maalum ya udhalilishaji iliyoanza 2021, na bado kesi hufa kwa shahidi kutofika, au kufika na kusema hakumbuki. Mwongeze mama wa mtoto tishio kwamba jina la ukoo wake litakaa kwenye mtandao maisha, halafu uone kama atavuka kizingiti cha kituo cha polisi. Daftari la wazi linauadhibu ukoo, na ukoo ndio ulioshika ushahidi.

Kazi ya daftari nimeiona kwengine. Mwalimu mgeni anafika kwenye shehia akitokea kisiwa cha pili. Ana begi moja na barua ya sheha wa alikotoka. Kamati ya chuo cha Qur-ani inamsikiliza anavyosoma, tajuwidi yake nzuri, heshima anayo. Anapewa chumba nyuma ya chuo na alasiri ileile ana watoto thelathini mbele yake, wengine atawabakisha baada ya wenzao kuondoka kwa sababu hawajahifadhi. Barua ile inasema alikuwa mkaazi wa pale. Sheha hakuulizwa zaidi, na angeulizwa asingekuwa na pa kutazama.

Hapo ndipo daftari linapotakiwa. Afrika Kusini walilifungua lao mwaka 2009 chini ya sheria ya 2007, na mwananchi wa kawaida halioni. Mwajiri wa watu wanaoshughulika na watoto ndiye anayeomba cheti. Kenya, sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya 2006 inampa Msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kuliweka. Uingereza nako, ambako daftari ni la polisi tangu 1997, mzazi mwenye wasiwasi na mtu maalumu anaweza kuuliza, na polisi ndio wanaoamua aambiwe nini.

Kwa Zanzibar ningependa likae kwa Mrajis wa Mahakama Kuu, liandike waliotiwa hatiani tu na wala si watuhumiwa, na kamati ya chuo iweze kuuliza bila malipo kupitia ofisi ya wilaya. Jibu liwe moja: yumo, hayumo. Vivyo hivyo kwa skuli, dakhalia (mabweni), nasari, timu za mpira za watoto, na gari za kubebea wanafunzi, ambazo kwa maoni yangu zimesahauliwa mno. Kuajiri bila kuuliza liwe kosa, na kulitangaza jibu ulilopewa nako liwe kosa.

Muda nao uwekwe kwa uzito wa kosa, na aliyeandikwa awe na siku ya kuomba kufutwa mbele ya hakimu. Uingereza walilazimishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2010 kuweka mapitio kwa walioandikwa maisha, na sisi hatuna haja ya kungoja kushitakiwa. Kuhusu walio chini ya miaka 18, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa mwaka 2014 mtoto aingizwe moja kwa moja bila hakimu kumtazama yeye na mazingira yake. Mimi ningewatoa kabisa, isipokuwa hakimu aseme vyengine kwa sababu zilizoandikwa.

Kuna kifungu kimoja ambacho huonekana kidogo na huachwa. Rufaa ikishinda, jina lifutwe ndani ya siku saba, na kila mwajiri aliyejibiwa "yumo" aandikiwe barua ya kusahihisha. Rasimu ikifika Baraza la Wawakilishi bila ya kifungu hicho, mwakilishi wako mwambie airudishe.