Je, losheni ya kuifanya ngozi iwe kahawia bila kuota jua ina madhara?

Wazungu wengi hupenda ngozi ionekane imepigwa na jua, na siku hizi wengine huipata rangi hiyo kwa losheni. Inayofanya kazi humo ni sukari sahili iitwayo dihidroksiasetoni, kwa kifupi DHA. Ikipakwa, huungana na asidi za amino (vijenzi vya protini) kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, na baada ya saa chache ngozi hugeuka kahawia. Ni kemia ileile inayolifanya ganda la mkate liwe kahawia tanurini.

Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati. Miaka ya 1950, huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein aliwanywesha DHA watoto wenye maradhi ya kurithi. Ilipowamwagikia, ngozi ilipata madoa lakini nguo hazikupata. Mwaka 1960 losheni ikaingia madukani.

Kwa kuwa rangi hukaa kwenye seli mfu, hutoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi, na DHA inayopenya mwilini ni kidogo sana. Kuipaka, basi, hakuna hatari kubwa, ingawa wapo wanaowashwa, mara nyingi kwa sababu ya manukato. Kuivuta puani ni habari nyingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeiruhusu kwa kupaka nje tu, si machoni, mdomoni wala mapafuni. Kwa hiyo anayepuliziwa kwenye kibanda cha saluni afunike macho, midomo na pua. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo cha DHA cha asilimia 10 kwenye bidhaa hizi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kujidanganya. Kahawia hiyo si melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, na haimkingi mtu na jua kwa kiasi cha maana. Mafuta ya kukinga jua yanahitajika vilevile. Afadhali hivyo, lakini, kuliko vitanda vya taa vya kuigeuza ngozi kahawia, ambavyo mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka kwenye kundi la visababishi vya saratani.

Vidonge vya kubadili rangi msivikaribie: vyenye rangi iitwayo kanthaksanthini vimewahi kuwaachia watu chembechembe kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Sindano za melanotani, dawa ya kuitia ngozi weusi, zinazouzwa mtandaoni hazijaidhinishwa.

Wenye mbalanga pia hutumia DHA kufunika mabaka meupe, hata kwenye ngozi nyeusi, ila inabidi warudie kupaka kila baada ya siku chache.