Je, wajua kwa nini televisheni humaliza vichekesho haraka?

Mwaka 1951 mchekeshaji wa Marekani, Milton Berle, alisaini mkataba wa miaka 30 na kituo cha televisheni cha NBC. Katikati ya mwaka 1956, kipindi chake kilitoka hewani.

Kwa miaka mingi nililieleza jambo hili kama tunavyowasema wachekeshaji wetu hapa Moshi wakipotea kwenye skrini: amechuja, kalewa sifa. Nilikuwa nimekosea kabisa. Berle alizaliwa 1908 na alipanda jukwaani akiwa mtoto. Mtu aliyeishi kwa kuchekesha miaka zaidi ya 30 haamki siku moja akakuta kipaji kimeyeyuka. Sifa nazo alikuwa nazo tangu zamani, mbona hazikumlevya mapema? Jibu liko upande wa watazamaji, na ukilielewa hutamwambia tena mchekeshaji yeyote kwamba amechuja bila kufikiri mara mbili.

Mchukue MC wa harusi. Jumamosi hii yuko Majengo, ijayo Kibosho, na Desemba Wachagga wakirudi nyumbani anapanda Marangu, Machame, mpaka Rombo. Yupo mmoja mwenye kichekesho cha mangi, yaani mwanamume wa Kichagga, anayeombwa mchango. Anaufunika mfuko wa shati kwa kiganja, ananyamaza, kisha anauchungulia taratibu kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala. Ukumbi unalipuka. Nimekiona mara tatu, na mara zote kimekubali, kwa sababu waliokwishakiona tulikuwa meza moja tu. Tena kila anaporudia anakinoa; anajua anyamaze kiasi gani kabla ya kuchungulia.

Sasa kitoe kwenye televisheni usiku mmoja. Kibosho wamekiona, Rombo wamekiona, Arusha wamekiona. Mtaji wa miaka umeliwa kwa dakika tatu, na wiki ijayo anatakiwa kingine kibichi, ambacho hakuna ukumbi uliokijaribu.

Berle alitoka kwenye maisha ya huyo MC: wachekeshaji wa Marekani walizunguka mji hadi mji na kipande kimoja cha dakika chache, na kikawalisha miaka. Kisha, kuanzia 1948, akawa hewani kila Jumanne saa 2 usiku. Alikuwa na waandishi, alivaa hata magauni na mawigi, lakini gauni la kuchekesha hushangaza mara ya kwanza tu.

Ipo sababu nyingine inayotajwa. Mwaka 1950 nyumba kama 9 kati ya 100 za Marekani zilikuwa na televisheni. 1955 zilifika kama 64. Watazamaji wa mwanzo walikuwa watu wa miji mikubwa waliozoea utani wake. Waliofuata walikuwa na ladha zao. Inaingia akilini, ingawa ni vigumu kuitenganisha na ile ya kwanza, maana zote zilitokea pamoja.

Kwetu Tanzania, kundi la wachekeshaji la Orijino Komedi, lililoanza kama Ze Comedy, lilijibu tatizo hili kwa wahusika. Mmoja wao, Joti, akitokea kama babu au mtoto, unamsubiri yule mtu, na mtu hachoshi upesi kama kichekesho. Huo ni mtazamo wangu baada ya kuwatazama miaka mingi.

Na ule mkataba wa miaka 30? Mwaka 1965 Berle alikubali malipo yake yapunguzwe kutoka dola 200,000 kwa mwaka hadi 120,000, ili aruhusiwe kutokea kwenye vituo vingine.