Tazara haikuwa zawadi: dhana potofu kuhusu Reli ya Uhuru

Makonda wa daladala za Barabara ya Nyerere hulitaja jina hili mamia ya mara kwa siku: "Tazara, Tazara! Wa Tazara wapo?" Wanaoshuka pale ni wengi, wanaoingia ndani ya ile stesheni kubwa ni wachache. Labda ndiyo maana reli hii ya kilomita 1,860, inayotoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, inazungumzwa sana na kujulikana kidogo. Nimeipanda mara kadhaa, na karibu kila safari nimemkuta abiria akimsimulia jirani yake, kwa uhakika kabisa, mambo ambayo hayakutokea. Nimeona niyaandike yale ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

"Mchina alitupa bure"

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inafuta deni ambalo nchi mbili maskini zilijitwika zikiwa na akili zao timamu. Mkataba uliotiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967 ulikuwa wa mkopo. Ulikuwa mkopo mwepesi, hilo halina ubishi: haukuwa na riba, na marejesho yake yalipangwa kwa miaka 30 baada ya muda wa kupumua bila kulipa. Kiasi chake kilikuwa yuan milioni 988. Tanzania na Zambia ziligawana mzigo huo nusu kwa nusu, kama zinavyogawana umiliki wa reli yenyewe hadi leo.

Sehemu ya mkopo huo watu waliishika mikononi bila kujua. Mishahara ya vibarua na manunuzi ya humu ndani yalihitaji shilingi na kwacha, na China haikuwa na shilingi wala kwacha. Njia iliyopatikana ni hii: China ilileta bidhaa zake, zikauzwa katika maduka ya Tanzania na Zambia, na fedha za mauzo zikaingia kwenye ujenzi. Bibi yangu alikuwa na chupa ya chai ya Kichina yenye maua mekundu ubavuni, rangi imebanduka pale vidole vilipozoea kushika, na kizibo chake alikifunga kitambaa ili mvuke usitoroke. Bidhaa za namna hiyo ndizo zilizomlipa kibarua aliyekuwa akitindua mwamba kule milimani. Mnunuzi wa dukani naye alichangia reli.

"Wazo lilikuwa la Wachina"

Wazo la kuunganisha Zambia na pwani ya Afrika Mashariki lilizungumzwa tangu enzi za wakoloni, zamani sana kabla Mchina hajafikiriwa. Baada ya uhuru, Nyerere na mwenzake Kaunda, rais wa Zambia, waliligeuza kuwa hitaji. Shaba ya Zambia, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha nchi, ilipita kusini kwenye reli za Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na bandari zilizokuwa chini ya Wareno na Makaburu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa walowezi, Zambia ikawa kama mtu ambaye ufunguo wa nyumba yake unakaa mfukoni mwa adui.

Walibisha hodi Magharibi kwanza. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 1964 ilisema reli hiyo haitajilipa, afadhali barabara. Baadaye wataalamu wengine, wa Uingereza na Kanada, walichunguza na kuona inawezekana, lakini fedha hazikutoka. Nyerere alikwenda China Februari 1965, Kaunda akafuata 1967. China yenyewe wakati ule ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na ikakubali. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema China "ilituletea" reli, mwambie kwamba viongozi wetu waliuzungusha mpango ule mlango hadi mlango kwa miaka, na mlango wa mwisho ndio uliofunguka.

"Walijenga wafungwa wa Kichina, sisi tulitazama"

Uvumi wa wafungwa ulienea tangu siku za ujenzi wenyewe. Watu waliwaona Wachina wamevaa nguo za aina moja, wanakaa kambini, hawapiti vilabuni, wakahitimisha kuwa ni wahalifu waliopelekwa kutumikia adhabu. Ukweli ni kwamba walikuwa mafundi na wahandisi walioteuliwa, pamoja na madaktari, wapishi na wakalimani wao. Walikuja kwa zamu. Zaidi ya 60 walifia huku, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia nao walikufa kazini.

Hili la pili, kwamba sisi tulitazama, ni dharau kwa wazee wetu. Kazi ilipopamba moto, Waafrika kwenye njia ile walikuwa zaidi ya maradufu ya Wachina. Wengi wa mwanzo walikuwa vijana waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Walifyeka msitu, walibeba mataruma, walimwaga kokoto, walichimba mahandaki. Lugha ilikuwa haipandi, kwa hiyo fundi alifanya, kijana akatazama, kisha kijana akafanya na fundi akatazama. Wengine walipelekwa Beijing kusomea reli, na Mpika huko Zambia kukawa na chuo cha kufundishia wafanyakazi.

Atakayetaka kuelewa ukubwa wa kazi yao apande treni na asilale kati ya Mlimba na Makambako. Kutoka Dar hadi Mlimba, kama kilomita 500, kazi ilikwisha kufikia mwishoni mwa 1971. Zile kama 150 za kupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu zikala muda mrefu kuliko hizo 500, maana ardhi pale imekatika katika mabonde na udongo wake unateleza mvua ikinyesha. Mengi kati ya mahandaki 22 ya reli nzima yako kwenye kipande hiki. Treni inapanda polepole, inajikunja, na ukitoa macho dirishani unaona kichwa cha treni yako kimeshavuka kilima cha mbele, kinakuja kama kinakutazama. Halafu giza la ghafla, harufu ya dizeli inaingia behewani, watoto wanapiga kelele, na mara mwanga tena na ng'ambo ya bonde. Daraja la mto Mpanga lina nguzo za karibu mita 50 kwenda juu. Kuna mikono ya watu iliyopanda huko na ndoo za zege.

Njia ikaendelea kupanda hadi Uyole, Mbeya, ambako ndiko kilele cha reli yote, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Kazi ilimalizika Juni 1975, kabla ya muda uliopangwa, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

"Ilijengwa kwa ajili ya shaba, abiria ni nyongeza"

Shaba ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti. Kwenye maisha ya watu, hasa upande wa Kilombero, mambo ni mengine. Ifakara, Mngeta, Chita, Mlimba: kwa miaka mingi barabara za huko zilikuwa zikifa kila masika, na treni ndiyo iliyobaki. Bonde lina mpunga na ndizi, nyanda za juu zina viazi na maharage, na reli ikazikutanisha pande hizo mbili kama sokoni. Treni inasimama dakika chache tu. Magunia yanapitishwa madirishani, mama mmoja yuko ndani anavuta, mwingine yuko chini anasukuma, wa tatu ni mtoto, kazi yake ni kuhesabu, na kichwa kikipiga honi hakuna anayeshtuka kwa sababu kila mmoja anajua amebakiza magunia mangapi. Biashara hii ndogondogo haikuwemo kwenye hesabu za Benki ya Dunia, na ndiyo iliyosomesha watoto wa bonde lile.

Tena treni za abiria zina majina yake. Ya haraka inaitwa Mukuba, neno la Kibemba lenye maana ya shaba, na ile inayosimama vituo vingi inaitwa Kilimanjaro.

"Tazara na Reli ya Kati ni kitu kimoja"

Hapana. Reli ya Kati, ile ya kwenda Kigoma na Mwanza, ilianza na Wajerumani na iko chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC). Tazara ni mali ya serikali mbili na ina sheria yake. Hata vyuma havilingani: njia ya Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya Tazara 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa vidole vinne, lakini behewa la Kigoma haliwezi kuingia Tazara hata kwa kusukumwa. Ndiyo maana Kidatu kuna kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Upana wa 1,067 ulichaguliwa kwa sababu ndio wa Zambia na nchi za kusini. Kutoka New Kapiri Mposhi chuma kinaungana na reli za Zambia na kuendelea hadi Cape Town.

"Ilikufa kwa sababu vitu vya Kichina ni feki"

Njia iliyokamilika 1975 bado inapitisha treni, na madaraja yake yamesimama. Tuanze na hilo. Palipokuwa na udhaifu wa kweli ni kwenye vichwa vya treni vya mwanzo, vya dizeli vyenye mfumo wa haidroliki, ambavyo vilihema kwenye ule mpando wa Mlimba. Mwaka 1983 vikaja vichwa vya dizeli-umeme vilivyoundwa na Krupp ya Ujerumani kwa teknolojia ya General Electric ya Marekani. Kwa hiyo hata hili la kwamba kila kitu ni cha Mchina si kweli.

Kilichoiumiza Tazara ni mkusanyiko wa mambo. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na katika miaka yake bora ilibeba kama milioni 1.2. Oktoba 1978 Kaunda, akibanwa na uchumi, alifungua tena njia ya kusini aliyokuwa ameifunga tangu 1973, na mzigo ukaanza kugawanyika. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi, katikati ya msimu ambao Zambia ilihitaji mahindi na mbolea. Bandari ya Dar nayo ilikuwa ikisongamana, mabehewa yanasubiri. Kisha ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini, na bandari za kusini ambazo reli hii ilizaliwa kuzikwepa zikawa halali na rahisi. Malori yakajaa barabara ya Tunduma.

Na sisi wenyewe hatukuitunza. Hili lazima lisemwe. Serikali mbili zilikuwa wamiliki, na kitu cha wawili kila mmoja alimsubiri mwenzake atoe fedha. Mtaji haukuwekwa, vichwa vilipoharibika vikabaki karakana kutoa vipuri kwa vingine, mishahara ikachelewa, wafanyakazi wakagoma. Mwaka 2014/15 mzigo uliobebwa ulikuwa chini ya tani 100,000. Hakuna chuma feki kinachoshusha reli namna hiyo.

"Sasa imeuzwa"

Mwaka 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali mjini Beijing, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wenyewe na CCECC, kampuni ya ujenzi ya China, wa uwekezaji wa takriban dola za Marekani bilioni 1.4. Kampuni hii chimbuko lake ni ofisi ileile ya reli ya China iliyosimamia ujenzi wa miaka ya 1970. Mkataba ni wa miaka 30: kampuni inakarabati njia, inaleta vichwa na mabehewa, inaendesha, inajirudishia fedha yake. Ardhi, njia, madaraja na yale mahandaki 22 vinabaki mali ya Tanzania na Zambia, na muda ukiisha reli inarudi mikononi mwao.