Acheni kuniomba nimfiche mgonjwa ukweli

Ndugu hunivuta pembeni, nje ya mlango wa kliniki, na ombi ni lilelile: "Usimwambie ni saratani. Akijua atakata tamaa, atakufa upesi." Mgonjwa kaambiwa ana vidonda vya tumbo, na barua ya rufaa inasema Ocean Road, taasisi ya saratani. Dar es Salaam nzima, nani hajui Ocean Road wanatibu nini? Anayepigwa mionzi siku 5 kwa wiki, akisubiri benchi moja na wenye ugonjwa uleule, hakubali hadithi ya vidonda vya tumbo. Anajua. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Na ukimya huo unauma. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mwili, hofu, familia na imani huumia kwa pamoja. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4 itatuliza maumivu ya mfupa (na kwa kuwa hufunga choo, dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, tafadhali). Haitamtuliza mama anayekesha akiwaza nani atasomesha watoto, naye hawezi kuuliza kwa sababu nyumba nzima inajifanya hakuna kitu. Dozi inapandishwa, analia vilevile, lawama inaiendea dawa.

Lakini sisemi mgonjwa atupiwe jina la ugonjwa usoni. Hili linaniudhi kuliko lile la ndugu, maana linafanywa na wenzangu: wamesikia "haki ya kujua", basi wanamwaga hatua ya ugonjwa, ulikosambaa na miezi iliyobaki, wamesimama, simu inaita mfukoni. Haki ya kujua ina mwenzake, haki ya kutotaka kujua. Kwa hiyo huanzi kwa kusema, unaanza kwa kuuliza. Keti, macho yenu yalingane. "Mpaka sasa umeelezwa nini kuhusu huu ugonjwa?" Subiri, hata kimya kikirefuka. Kisha: "Ungependa nikueleze kila kitu, au kidogo kidogo, au kuna mtu wa nyumbani ungependa azungumze nasi?" Akitaka, mwandae kwanza: "Majibu hayakuja kama tulivyotumaini." Halafu sentensi moja fupi, yenye jina la ugonjwa. Halafu nyamaza. Baada ya neno hilo mtu hasikii tena mengi, hivyo maelezo ya matibabu yangoje kesho au keshokutwa, na aondoke na karatasi yenye mistari mitatu.

Mzee asiyejua Kiswahili asitafsiriwe na mwanawe. "Saratani" itageuka "uvimbe" njiani. Tafuta muuguzi anayejua lugha yake.

Ndugu nao usigombane nao. Waulize, "Mnaogopa nini kitatokea?" Mara nyingi hofu wanayoieleza ni yao wenyewe. Mimi huwaahidi mambo mawili: sitalianzisha mimi neno saratani, na akiniuliza sitamdanganya. Wengi wanakubali hapo. Akiuliza amebakiza muda gani, sitaji tarehe. Namuuliza kwanza kinachomfanya aulize. Huenda ni deni, au hati ya shamba.

Anayeuguza mzungumzishe peke yake, maana mbele ya mgonjwa atasema hajachoka. Mara nyingi ni binti mmoja, anayemgeuza mgonjwa usiku kucha, kila baada ya saa 2. Swali ni moja: "Usiku nani anakupokea?" Kama hakuna, ndugu wanaokuja na matunda wapangiwe zamu, jina kwa jina, usiku kwa usiku.

Kuna jambo bado linanisumbua. Mgonjwa akisema, "Zungumzeni na mwanangu mkubwa", vitabu vinaagiza tuheshimu. Naheshimu. Ila sioni wazi kila mara kama hiyo ni hiari yake au amezoea kunyamazishwa, hasa akiwa mama mbele ya wanawe wa kiume. Huwa narudia swali ziara inayofuata, watoto wakiwa nje: "Bado ungependa nizungumze naye, au kuna la kuniuliza wewe?" Wengine hufunguka. Wengine hunitazama kana kwamba nimewasukuma, nami nahisi kweli nimewasukuma. Baada ya hapo siulizi mara ya tatu.