Ukoo wa Japón wa Coria del Río

Coria del Río ni mji wa Hispania ulio kando ya mto Guadalquivir, kusini kidogo ya Sevilla. Una wakazi wapatao 30,000, na zaidi ya 600 kati yao jina lao la ukoo ni Japón, yaani Japani. Katika kazi yangu ya kufuatilia majina ya koo, hili ndilo linalonivutia kuliko yote.

Mwaka 1613 Date Masamune, mtawala wa Sendai huko Japani, alimtuma samurai wake Hasekura Tsunenaga kutafuta biashara na Wahispania na kuomba wamisionari. Msafara ulivuka Pasifiki hadi Acapulco, ukakatiza Meksiko kwa nchi kavu, ukapanda meli tena. Oktoba 1614 Wajapani wapatao 30 walifika Coria, wakapumzika hapo kabla ya kuingia Sevilla. Hasekura alibatizwa Madrid mwaka 1615, akaonana na Papa Paulo V huko Roma, lakini mkataba wa biashara hakuupata. Kwao Ukristo ulikuwa umeshapigwa marufuku. Alipoondoka Hispania mwaka 1617, baadhi ya wenzake walibaki, na ukoo wa Japón unasemekana kutokana nao.

Tatizo letu ni maandishi. Madaftari ya ubatizo ya parokia ya Coria ya miongo mingi ya mwanzo wa karne ya 17 yamepotea, na katika yale yaliyobaki Japón wa kwanza anaonekana katika miaka ya 1660. Pengo hilo halizibwi kwa masimulizi ya familia, sembuse kwa kutazama sura za watu. Kinachonishawishi ni ramani: jina limesongamana pale pale wageni walipokaa. Tena jina la aina hii mtu hupewa na majirani, kama pwani yetu inavyomtambua mtu kuwa Mngazija au Mshihiri.

Desturi ya Kihispania nayo inatusaidia. Mtoto hubeba majina mawili, la baba kisha la mama, na mwanamke akiolewa haachi lake. Kwa hiyo hata binti wa Japón akizaa na mtu wa ukoo mwingine, nyaraka za watoto wake bado zinaonyesha alikotoka.

Jina hilo hilo lipo pia kusini mwa Ecuador, miongoni mwa Wasaraguro, jamii ya wenyeji wa asili wa huko. Tafadhali usiwaunganishe na Coria kwa sababu ya herufi tu. Nasaba yao itafutwe katika madaftari ya parokia zao wenyewe.