Jumapili Nzito: Kwa Nini Kupumzika Tu Hakuleti Furaha

Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kwenye ushauri nasaha hapa Bagamoyo yanahusu Jumapili alasiri. Mtu kamaliza wiki yake, kaoga, kala pilau, kajinyoosha kwenye kochi na simu mkononi, wala hadaiwi kitu siku hiyo. Ikifika magharibi moyo mzito na sababu haijui. Wengi hudhani ni uchovu, basi Jumapili inayofuata wanajinyoosha zaidi.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi ni Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago na kufariki mwaka 2021. Jina lake linawapiga chenga hata Wamarekani, kwa hiyo tumwite profesa. Miaka ya 1960 aliwachunguza wanafunzi wa uchoraji, akaona kwamba picha ikiwa inaendelea wanasahau njaa na usingizi, lakini ikishakamilika wanaiweka kando na kuanza nyingine. Baadaye akawahoji wapanda milima, wacheza chesi na madaktari wa upasuaji. Wote walieleza hali moja: akili imeshikwa na kilicho mbele yake, saa zinayoyoma bila kuonekana, na ile hofu ya "watu wananionaje" imetoweka. Wakati wenyewe hata hawasemi wana furaha. Furaha wanaigundua wakishamaliza.

Ukitaka kuiona hali hiyo, shuka ufukweni kwenye mafundi wa mashua na majahazi. Mtazame anayetoboa ubao kwa keekee. Mkono mmoja unashikilia kichwa, mwingine unavuta na kusukuma uta, na ncha inazunguka. Tundu lazima litangulie, maana msumari ukipigwa mkavu ubao utapasuka. Keekee ikilala kidogo tu, fundi anaihisi kiganjani kabla jicho halijaona kitu, naye anairudisha. Mbele kidogo mwenzake anakalafati: anasokomeza pamba iliyolowa mafuta kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, anagonga, anasogea, anagonga tena. Pamba ikishakaza, mlio wa nyundo unabadilika, na hapo ndipo anajua aendelee. Muite wakati huo. Ataitika kwa wito wa tatu, na wala si kiburi.

Yaliyomshika fundi huyo ndiyo yale yale profesa aliyoyaona kwa wachoraji. Anajua anachokitaka dakika hii, yaani mwanya huu mmoja, jahazi zima litajijua baadaye. Kazi inamjibu papo hapo kama kapatia au kakosea. Na ugumu wake unaendana na ujuzi wake. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mwanagenzi akikabidhiwa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, atatoka jasho la hofu. Fundi mkuu akiambiwa apige msasa kutwa nzima atapiga miayo.

Profesa na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwapa wafanyakazi vifaa vidogo vya kuita, vikilia wakati wowote wa siku, na kila kikilia mtu anaandika anafanya nini na anajisikiaje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kuwa watu walizama hivyo mara nyingi zaidi wakiwa kazini kuliko wakiwa mapumzikoni. Ajabu ni kwamba wakiwa kazini walitamani wawe kwingine! Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Killingsworth na Gilbert, walitumia simu kuwauliza watu wazima 2,250 maswali ya namna hiyo. Karibu nusu ya muda akili ilikuwa mbali na kinachofanyika, na ikiwa mbali watu walikuwa na furaha ndogo zaidi, hata kama shughuli yenyewe ni ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo mambo ya nyumbani nayo yamo. Anayepika samaki wa nazi huku kaibana simu begani tui litamkatikia. Anayelikoroga taratibu, macho yakiangalia povu linavyoanza kwenye ukingo wa sufuria, kazi inamjibu kama inavyomjibu fundi. Lakini sitamwambia mama mwenye watoto watatu na kuni mbichi kwamba jikoni kuna starehe. Kuzama kunataka muda usiokatwakatwa, na majumbani mwetu kuna watu ambao hawapewi muda huo: anaitwa, anatumwa, anaulizwa chumvi iko wapi. Mtu akiwa anasuka ukili, anashona au anafanya hesabu za shule, mwacheni amalize. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya dawa, na haigharimu senti. Nusu nyingine ni kuiweka simu chumba cha pili.

Si kila kinachokumeza kinakujenga. Mashine za kamari zimeundwa hasa zimshike mtu asione saa, na profesa mwenyewe alionya kwamba hali hii inaweza kumfanya mtu mtumwa wa kinachompa raha. Swali la kujiuliza ni moja: baada ya miezi michache, ujuzi wangu umeongezeka au mfuko wangu umetoboka?

Sonona nayo ni habari nyingine. Aliyekosa hamu ya kila kitu, hata vile alivyovipenda, kwa wiki mbili au zaidi, hali vizuri wala halali vizuri, asiambiwe atafute shughuli. Apelekwe kituo cha afya. Ni ugonjwa na unatibika. Na kama ana mawazo ya kujidhuru, apelekwe leo hii.

Kwa wengine, pa kuanzia ni pale unapoweza kidogo, kisha uongeze ugumu. Wastaafu huniuliza kuhusu bao. Mashimo 32, kete 64, kila hatua inajibiwa hapo hapo, ni mchezo unaofaa sana. Ila mzee anayemfunga kila mtu kwenye baraza lake atalichoka mapema. Ahamie baraza la mtaa wa pili, kwenye watu wanaomfunga yeye.